Wasifu wa Aliye Hai

Ukifiwa Kiogoro, au kokote kule kati ya hapo na mjini Kisii, kabla hujakodi hema wala kutafuta sufuria kubwa utaambiwa, "Mwone Lavender kwanza." Lavender Nyangate ana chumba kidogo ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Mama Krupa, chenye kompyuta moja, printa yenye kikohozi na benchi la wafiwa. Huko ndiko maisha ya watu wetu huandikwa, yakishakwisha. Utamsimulia marehemu wako kwa vipande vipande huku ukipenga kamasi, naye atakuandikia wasifu ambao siku ya mazishi utawatafutisha leso hata waliokuwa hawasalimiani naye.

Kipaji chake si cha mchezo. Mlevi akipita mikononi mwa Lavender hutoka akiwa "mcheshi aliyependa kukaa na watu". Mgomvi wa mipaka ya shamba huwa "mtetezi wa haki". Si kwamba anadanganya. Msabato wa kweli kama yeye hawezi kudanganya na Sabato iko mlangoni. Anachofanya ni kuupitisha ukweli mlango wa uani. Na mpangilio wake ni ule ule siku zote: kuzaliwa, shule, ndoa, watoto kwa majina, kanisa, kazi, ugonjwa, na mwisho kabisa pengo lisiloweza kuzibika.

Kazi hiyo aliianza kwa hasira. Mama yake alipofariki, Lavender akiwa ndiyo kwanza amemaliza shule ya upili, binamu mmoja aliyepewa kusoma wasifu alisimama, akasema marehemu alikuwa mkulima na mama wa watoto, akaketi. Basi! Mwanamke aliyewalea yatima wa ndugu zake pamoja na wake mwenyewe, aliyeongoza akina mama wa kanisa, aliyejua kucheka mpaka ng'ombe wanageuka kumtazama. Lavender alisimama kando ya kaburi machozi yakimtoka, na mengi ya machozi hayo hayakuwa ya huzuni. Aliapa kwamba mwanamke mwingine hatazikwa hivyo yeye akiona.

Kwa hiyo Krupa alipomjia na habari za ensaiklopidia, alimkuta mtu ambaye tayari ana kidonda.

Krupa ni binti wa mwenye duka, mfamasia, msichana wa maneno machache na ukaidi mwingi. Alikuwa amegundua kwamba katika ile ensaiklopidia ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuiandikia na kila mwanafunzi anainakili, kipa aliyedaka msimu mmoja tu ana ukurasa mrefu kuliko barabara ya Keroka. Lakini wanawake waliopambana na surua, kipindupindu na homa ya matumbo hawamo. Wauguzi, wakunga, maafisa wa chanjo, hakuna. Akaanza kukusanya watu wa kujitolea kila Jumapili alasiri, ghorofani kwa Lavender, waandike kurasa za wanawake wa afya ya jamii kwa Kiswahili. Wengi walikuja, wakanywa chai ya Mama Krupa, wakapotea. Waliobaki ni Krupa, Lavender, na Mwalimu Gibson wa Nyamira, ambaye hufundisha historia na hajawahi kuona sentensi ya mtu mwingine asitake kuirekebisha.

"Lavender, wewe kila siku unaandika maisha ya watu," Krupa alimwambia. "Hebu siku moja andika ya mtu anayeweza kuyasoma."

Lavender hakusitasita. Alimchagua Roselyne Onsongo, muuguzi mstaafu anayeishi nje kidogo ya mji wa Nyamira, rafiki ya mama yake tangu ujana wao. Yeye mwenyewe humwita Omong'ina, kama tunavyowaita mama zetu waliokula chumvi.

Na Omong'ina huyo alikuwa na kisa. Huku kwetu kuna heshima iitwayo chinsoni, kati ya mtu na wakwe zake. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani, hawataniani, na choo kimoja hawaingii, hata kwa kufa. Sasa Roselyne alipokuwa angali kazini, maafisa wa afya walikuwa wakija na amri: kila boma lichimbe choo, asiyechimba ashtakiwe. Watu wakachimba kimoja kimoja, afisa akaridhika, akaenda zake. Baba mkwe akakitumia. Mke wa mwana, atafanyaje? Akaendelea kwenda migombani. Mvua ikinyesha, yote yanateremka chemchemini, na watoto wanaanza kuharisha. Jambo hilo kila mwanamke alilijua na hakuna aliyeweza kulitamka barazani, maana kulitamka kwenyewe ni aibu. Roselyne alikuwa mke wa mwana wa watu pia. Alipita boma kwa boma, akazungumza na akina mama wakwe jikoni, akawaomba vichimbwe vyoo viwili, milango ikipeana mgongo, kila kimoja na njia yake, wakwe wasije wakakutana hata njiani. Wazee walijifanya hawajui wazo limetoka wapi, wakachimba. Mvua zilizofuata, zahanati ilikuwa na nafasi ya kukaa.

Lavender aliyaandika hayo kwa kikao kimoja, huku anajifuta macho. Aliandika mahali alipozaliwa, alikosoma, alikoolewa, watoto wake, wadhifa wake kanisani. Alipomaliza alifanya kama afanyavyo kila siku. Kwake maandishi yakiisha huenda kuchapwa, maana gari la maiti halisubiri mtu. Hakumngoja Krupa wala Gibson. Alibonyeza, ukurasa ukaingia duniani.

Ulianza hivi: "Roselyne Onsongo alikuwa nguzo ya jamii na mama wa wengi." Ulimalizika hivi: "Atakumbukwa kwa upendo na unyenyekevu wake. Hakika ameacha pengo lisiloweza kuzibika." Lavender alimaanisha pengo la kustaafu.

Kesho yake ukurasa ulikuwa umezunguka makundi yote ya WhatsApp kuanzia Nyamira mpaka Nakuru. Ogoti, mwana wa Roselyne, alikuwa kazini huko Nakuru wakati mwenzake alipomshika bega na kumwambia pole kwa msiba. Kwaya ya kanisa haikupiga simu. Ilifunga leso kiunoni, ikachukua sukari na majani ya chai, ikaanza kuimba tangu langoni. Roselyne akatoka nyuma ya nyumba na furushi la mboga za managu mkononi, akauliza, "Nani amefariki?"

Wanakwaya walitazamana. Mmoja alikaa chini palepale kwenye matope.

Lavender aliipokea simu ya Roselyne kabla ya saa sita. Sauti ya upande wa pili ilikuwa tulivu, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Lavender, nasikia nimekufa."

"Omong'ina, aki nisamehe, mimi—"

"Nimekufa na nini? Watu wananiuliza, nashindwa kuwajibu."

Simu ikakatwa. Kumtangaza mtu hai kuwa amekufa si mzaha huku kwetu. Wapo wanaoamini umemwitia kifo chenyewe. Ogoti naye alipiga, na maneno aliyomwambia Lavender hayaandikiki.

Balaa halikuishia hapo. Wasimamizi wa ensaiklopidia, ambao hakuna anayejua wanakaa wapi, walikuwa wamebandika onyo juu ya ukurasa: hauna vyanzo, umejaa sifa, na usiporekebishwa utafutwa kabla ya wiki kwisha. Gibson aliusoma wote kwenye kompyuta ya Lavender, akavua miwani.

"Madam, hii si ensaiklopidia. Hii ni programu ya mazishi. Zimebaki nyimbo tu."

"Mwalimu, nimeshaelewa."

"Unasema alipunguza maradhi ya tumbo. Nani ameandika hivyo? Gazeti gani? Kitabu gani?"

"Kila mtu anajua!"

"Kila mtu hachapishwi," alisema Gibson, na safari hii sauti yake ilikuwa na huruma.

Waliondoa kifo kwanza. Walimfufua Roselyne mstari kwa mstari, wakafuta nguzo, pengo na unyenyekevu, na walipomaliza palibaki vijisentensi vichache tu, navyo havina chanzo hata kimoja. Lavender aliitazama skrini. Alimwona tena yule binamu akikaa chini baada ya neno moja. Ikiwa ukurasa huo utafutwa, atakuwa amemfanyia Roselyne lile lile alilofanyiwa mama yake, tena mbele ya dunia nzima, na Roselyne anatazama.

Krupa alitumia siku zake za mapumziko akipekua. Alirudi na vitu viwili, akaviweka mezani. Cha kwanza kilikuwa makala ya mtafiti wa chuo kikuu kuhusu vyoo na chinsoni. Kisa chote kilikuwemo, milango iliyopeana mgongo na njia mbili, vyote. Aliyelifikiria jambo hilo aliitwa "mhudumu mmoja wa afya, mwenyeji wa eneo hilo". Jina hakuna.

Cha pili kilikuwa ukurasa wa gazeti la zamani. Hapo jina lilikuwepo, tena kwa herufi nene: muuguzi Roselyne Onsongo, mwenye dhamana ya chanjo katika eneo lake kwa miaka mingi, alaumiwa baada ya watoto waliochanjwa kupatwa na surua. Watatu walikuwa wamefariki.

Chini dukani, Mama Krupa alikuwa akibishana na mteja juu ya kitambaa cha sare.

"Kwa hivyo jema halina jina," Lavender alisema hatimaye, "na baya lina jina."

"Ukiliweka gazeti hili, ukurasa unaweza kubaki," alisema Gibson. "Linaonyesha alikuwa nani na alikuwa na dhamana gani. La vyoo tutalieleza jinsi mtafiti alivyolieleza, bila kumtaja. Hatuwezi kuunganisha kile ambacho hakuna aliyekiunganisha."

"Heri ufutwe!" Lavender alipaza sauti mpaka printa ikanyamaza. "Mama wa watu nimeshamuua mara moja. Sasa nimvue nguo pia?"

"Wewe si wa kuamua hilo," Krupa alimjibu. "Na mimi pia siyo wa kuamua."

Ndivyo Lavender alivyojikuta asubuhi moja kwenye uwanja wa Roselyne. Alikuwa amekwisha kata shauri njiani. Ataomba msamaha, atasema ukurasa umeshindikana na utafutwa, na la gazeti hatalitaja hata chembe. Ni mlango ule ule wa uani, aliopitishia ukweli wa marehemu wangapi sijui. Roselyne alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya ndizi, kisu kikienda chenyewe. Kwa mtu wa umri wake, mgongo ulikuwa wima na macho makali.

"Marehemu yupo," alisema. "Karibu."

Lavender alipiga magoti kabisa, sketi kwenye vumbi. Roselyne alimwacha apige magoti kidogo, kwa sababu alistahili, kisha akamwambia ainuke asichafue nguo. Akamimina chai. Akasema, "Haya, nisomee hicho nilichofia."

"Tumekibadilisha, Omong'ina."

"Nataka kile cha kwanza."

Lavender alikuwa nacho kwenye simu. Alisoma, nguzo ya jamii, mama wa wengi, mpaka pengo. Roselyne hakuacha kumenya. Pale kwenye vyoo alicheka kidogo, akatikisa kichwa. Usomaji ulipokwisha aliweka kisu chini.

"Umeandika vizuri. Mama yako angefurahi." Kisha akauliza, "Na surua iko wapi?"

Lavender aliinamisha uso kwenye kikombe. Angeweza kusema hajui. Neno lilikuwa tayari ulimini, na halikutoka.

"Nilikuwa sijui wakati ninaandika," alisema. "Nimejua juzi. Krupa amepata gazeti."

"Umejua, ukaja hapa kunywa chai yangu na kunyamaza."

"Nilitaka kukuficha, Omong'ina. Kukuficha watu wasikuone."

"Watu ndio walioniona," alisema Roselyne.

Akamweleza. Friji ya zahanati ilikuwa ya gesi. Gesi iliisha mwishoni mwa wiki, na Jumatatu alipofungua aliigusa akaikuta vuguvugu. Nje kulikuwa na foleni ya akina mama, wengine wametoka mbali na watoto mgongoni, mvua inawanyeshea. Akijua wakirudi nyumbani wengi hawatarudi tena, alijiambia chanjo haijakaa sana nje ya baridi. Alijiambia hivyo kwa kila mtoto. Hakuna aliyemlazimisha. Msimu uliofuata surua iliingia, ikawapata wale wale aliokuwa amewachoma sindano.

"Nilipojua, nilienda nyumba kwa nyumba," alisema. "Nikawaambia, mama, ile dawa niliyompa mtoto wako ilikuwa imekufa, na nilishuku, nikampa. Mlete tena. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo. Mwingine alikuwa ameshamzika wake. Huyo hakusema kitu. Alinitazama tu, nami nikasimama nitazamwe." Akaokota kisu. "Gazeti limesema nilirudi kwao?"

"Halikusema."

"Lina majina ya watoto?"

"Hayapo, Omong'ina."

Roselyne aligeuza uso upande wa shamba lake la majani chai. Machozi yalimshuka bila kelele, wala hakuyafuta. Lavender, ambaye kazi yake ni watu wanaolia, hakujua aweke wapi mikono yake. Alieleza yote yaliyobaki, haraka haraka, ili yaishe: kwamba vyoo vipo bila jina, kwamba bila gazeti ukurasa unafutwa, kwamba ukiwekwa gazeti utasomwa na yeyote aliye na simu, wajukuu, jirani, kwaya nzima. Alisema, "Tuache ufutwe. Hakuna atakayekulaumu."

"Inaniuma," Roselyne alisema. "Usidhani haiumi. Kila mvua ya msimu ule inaniuma." Akavuta pumzi. "Lakini akina mama wale niliwaambia nikiwa nimesimama mlangoni kwao, mchana, na sura yangu. Sasa nije nijifiche kwenye simu? Halafu wewe usome siku yangu kwamba nilikuwa malaika, na yule aliyezika wake amekaa pale kwenye hema anasikia?"

"Sitasoma hivyo."

"Ungesoma. Unajua ungesoma."

Lavender alijua.

"Andika," alisema Roselyne.

Aliandika palepale, simu kwenye goti. Haikuwa kazi aliyoizoea. Hapakuwa na nguzo wala pengo, na kila sentensi ilibidi iwe na mahali ilipotoka. Roselyne Onsongo ni muuguzi mstaafu wa Nyamira. Kwa miaka mingi alisimamia chanjo katika eneo lake. Alilaumiwa kwa kuwapa watoto chanjo iliyoharibika, na watatu walikufa kwa surua. Kisha, katika aya ya peke yake, juhudi za vyoo za eneo hilo, zilizoanzishwa na mhudumu mmoja wa afya. Aliusoma kwa sauti. Ulikuwa mfupi, mkavu, na ulimkata Lavender maini kuliko wasifu wowote aliowahi kuandika. Gibson baadaye angeongeza nukta mbili, na wasimamizi wangeliondoa onyo lao bila neno la shukrani. Wakati ule hakuna aliyejua kama utasalimika.

"Soma tena hapo kwa watoto," Roselyne alisema. Lavender alisoma tena. "Vizuri. Uache hivyo."

"Nibonyeze?"

"Bonyeza. Halafu mtumie Ogoti."

Lavender aliinua kichwa.

"Alikuwa mdogo wakati ule," Roselyne alisema, taratibu. "Sikuwahi kumwambia. Nyumba zote hizo nilibisha hodi, yangu nikairuka. Mtumie asome. Akiwa na la kuniuliza, mimi bado nipo."

Lavender alituma. Roselyne akachukua ndizi nyingine, akaanza kuimenya, akaiacha nusu. Walikaa hivyo, chai ikipoa, kila mmoja akijifanya anatazama kuku.

Simu ya Roselyne ililia mfukoni mwa aproni. Aliitoa, akaangalia jina, mikono ikiwa myeusi kwa utomvu wa ndizi. Aliifuta mikono kwenye nguo, upande huu na upande ule, huku simu ikiendelea kulia, kisha akaipokea.

"Ee, Ogoti," alisema. "Ndiyo. Ni mimi."